KUPIGA PICHA MAPOROMOKO YA SONI, MASIKA HATA KIANGAZI

Wengi wetu tumepita Soni tukiwa ndani ya basi, kati ya Mombo na Lushoto, tukayatupia maporomoko jicho moja na kuendelea na safari. Wengine wanayo picha yake, iliyopigwa siku ya harusi. Picha moja yaonyesha siku moja tu. Somo hili lahusu picha kumi na mbili za mahali pamoja, moja kila mwezi.

Kwanza chagua pa kusimama, upatie alama: jiwe lisilohama, au shina la mti mkubwa. Kila mwezi simama hapo hapo, kamera au simu iwe kimo kile kile, wala usivute picha karibu mara hii na mara ile usivute. Bila hivyo hutaweza kulinganisha chochote. (Walimu, watoto wasikanyage mawe yenye utelezi kwa ajili ya picha.)

Jua la adhuhuri si rafiki. Povu hung'aa mno likawa kama karatasi tupu, na mwamba ukawa mweusi. Afadhali asubuhi, au siku ya mawingu. Ukitaka upinde wa mvua katika manyunyu, lipe jua mgongo wakati lingali chini. Upinde hukaa kwenye pembe ya kama digrii 42 kutoka kivuli cha kichwa chako, hivyo jua likipanda sana, aliyesimama chini ya maporomoko hauoni tena.

Kilango cha kamera kikifunguka kwa 1/500 ya sekunde, matone husimama hewani kama shanga. Kikikaa wazi nusu sekunde, maji huwa kama pamba, na hapo kamera lazima iwekwe juu ya kitu imara. Vijana wanaisifu pamba hiyo. Mimi siipendi, maana huficha rangi ya maji, na rangi ndiyo hasa tunayoitafuta.

Masika, Machi hadi Mei, maji huja kwa kishindo, mekundu au ya kahawia. Rangi hiyo ni udongo wa mashamba ya juu. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu, nayo maji hutakata. Mvua za kwanza za vuli, Oktoba, zatazamwe kwa makini, kwa kuwa hukuta ardhi iko wazi. Januari na Februari maji hupungua na mwamba hujitokeza.

Jambo la udongo si geni Usambara. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha watu kulima kwa matuta. Wakakataa, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru wa 1961. Baadaye, mwaka 1981, ulianza Lushoto mradi wa SECAP, uliohimiza kupanda miti na majani ya mifugo kwenye mistari ya kukinga mteremko. Mzee akisema mto umechafuka kuliko zamani, na kijana akisema ndivyo ulivyo siku zote, ni nani atakayewaamua? Picha za miaka mitano zaweza, mradi mvua nayo iwe imeandikwa.

Basi nyuma ya kila picha andika tarehe, saa, na siku ngapi zimepita tangu mvua kunyesha. Za simu zisafishwe karatasini, kwa maana simu hupotea. Zihifadhi ndani ya bati lenye mfuniko, kwani unyevu wa milimani huzitia ukungu upesi.