Alternata ya Gari: Kutambua Hitilafu, Kutengeneza au Kubadilisha

Mtahiniwa, swali la alternata hupima mambo mawili kwa pamoja: uelewa wako wa sumakuumeme na uwezo wako wa kutafuta hitilafu kwa utaratibu. Usikariri tu majina ya sehemu. Elewa kila sehemu inafanya nini.

Inavyofanya kazi
Mkanda unaoendeshwa na injini huzungusha rota. Brashi za kaboni hupitisha mkondo mdogo kwenye koili ya rota, nayo huwa sumaku. Sumaku hiyo inapozunguka ndani ya stata, mkondo geu huzalishwa katika koili za stata. Diodi hugeuza mkondo huo kuwa mkondo mnyoofu unaochaji betri. Regulata hudhibiti volteji kwa kupunguza au kuongeza mkondo wa rota.

Kupima kwa multimita kwenye vichwa vya betri
- Injini imezimwa, betri imejaa: takribani volti 12.6.
- Injini inanguruma: volti 13.8 hadi 14.5. Hali ni nzuri.
- Injini inanguruma, chini ya volti 13: betri haichajiwi.
- Injini inanguruma, zaidi ya volti 15: regulata ni mbovu; betri itachemka na kuharibika.

Kutengeneza au kubadilisha?
Anza na vitu rahisi: mkanda uliolegea au kukatika, waya uliolegea, kutu kwenye vichwa vya betri, na fyuzi. Vikiwa sawa, ndipo ufungue alternata. Brashi zilizokwisha, beringi inayopiga kelele, diodi au regulata iliyoungua hubadilishwa peke yake. Koili za stata au rota zikiungua, mara nyingi ni nafuu kubadilisha alternata nzima.

Tahadhari
Zima injini, kisha ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Wakati wa kurudisha, waya wa hasi huwa wa mwisho. Usiondoe kamwe waya wa betri injini ikiwa inanguruma ili "kupima" alternata: volteji hupanda ghafla na kuunguza diodi na vifaa vya kielektroniki.

Swali la mfano
Dereva wa daladala alinunua betri mpya ya ampea-saa 60. Baada ya siku mbili gari halikuwaka. Betri ilipochajiwa ilisoma volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na volti 12.2 injini ikinguruma.
(a) Je, anunue betri nyingine? Toa sababu.
(b) Gari likitumia ampea 15, betri iliyojaa itadumu saa ngapi?

Jibu
(a) Hapana. Betri inapokea na kutunza chaji, lakini volteji inashuka injini ikinguruma. Hii ina maana betri inalisha gari peke yake. Mfumo wa kuchaji ndio wenye hitilafu. Betri nyingine itakwisha vilevile.
(b) Muda = 60 ÷ 15 = saa 4. Kwa vitendo ni pungufu, kwa sababu volteji hushuka kabla chaji haijaisha.

Zingatia: Watahiniwa wengi hujibu "betri mbovu" na kupoteza alama. Linganisha vipimo viwili kwanza, ndipo utaje kifaa.

Zoezi
1. Kwa nini diodi iliyopitisha umeme pande zote mbili inaweza kumaliza betri usiku, gari likiwa limeegeshwa?
2. Eleza kwa nini mkanda uliolegea hupunguza volteji ya alternata.