Somo: Upendeleo Tusioujua

Daktari, muuguzi au mwalimu akiambiwa, "Usibague," hujibu kwamba habagui, naye husema kweli kama aijuavyo. Kwa hiyo twaona ni heri afundishwe kwa historia.

Mwaka 1932, huko Tuskegee, Marekani, madaktari wa serikali walianza kuwachunguza wanaume weusi 600. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuelezwa ugonjwa wao, ila waliambiwa wana "damu mbaya". Kufikia 1947 penisilini ilikuwa dawa ya kawaida ya kaswende, lakini wao walinyimwa. Mambo yaliendelea hivyo hadi 1972, magazeti yalipoyatangaza. Rais wa Marekani aliomba radhi mwaka 1997.

Tuangalie jambo moja. Habari za uchunguzi huo zilichapwa katika majarida ya udaktari miaka mingi, wasomi wakazisoma, na waliopinga walikuwa wachache. Dharau ikizoeleka, mwenyewe haioni.

Basi tusiulizane tu, "Nani alikuwa mbaya?" Tuulizane hivi:

1. Kazini kwetu, ni nani ambaye hatumwelezi mambo yanayomhusu?
2. Ni nani hungojeshwa kuliko wengine, nasi twaona ni kawaida?