Nichore kwanza, au nikague zilizopo?

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nataka kuunda mashine ya kupukuchua mahindi. Je, nianze kwa kuchunguza zilizopo sokoni au nichore yangu kwanza?
Fundi, Makambako

JIBU: Chora kwanza, fundi. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani, David Jansson na Steven Smith, walichapisha majaribio kuhusu jambo hilihili. Baadhi ya washiriki walionyeshwa mchoro wa mfano kabla ya kubuni, wengine hawakuonyeshwa. Katika kazi ya kubuni kikombe cha kahawa kisichomwagika, maelekezo yalikataza mrija, lakini mchoro wa mfano ulikuwa nao. Waliouona walichora mrija mara nyingi zaidi kuliko wenzao, licha ya katazo. Jicho likishazoea umbo, mkono hulifuata pamoja na kasoro zake.

Kwa hiyo andika kwanza mashine ifanye nini: isivunje punje, itenganishe magunzi, ibebwe na watu wawili. Chora njia tatu au nne zilizo tofauti kabisa. Hapo ndipo uende ukazikague zilizopo, na uwaulize wakulima zinawakera wapi.

Kisha tumia jedwali la Stuart Pugh, mhandisi Mwingereza. Chagua mashine moja iliyopo iwe kipimo. Kwa kila sharti, upe kila mchoro wako alama ya kujumlisha, kutoa au sawa. Pale mchoro mmoja ulipopata alama ya kutoa, azima suluhisho la mwingine. Chuma kikatwe mwisho, maana mstari wa penseli hufutika bila gharama.