SOMO: MAZUKU NA MTU ANAYETUMIKA PEKE YAKE

Mama, wewe unayekuja leo kupima mtoto, sikiliza somo hili, kisha uwafundishe watu wa nyumba yako.

Wengi wetu tunatumika peke yetu. Mama analima shamba mbali na kijiji. Kijana anachunga mbuzi. Baba anachimba kisima ao choo. Kazi hizo ni nzuri. Lakini mtu akianguka fasi hakuna mwenzake, nani atamwona?

Mazuku ni nini?

Upande wa Goma na Sake, kandokando ya ziwa Kivu, kuko fasi ambapo gazi karboniki inatoka chini ya udongo, sababu ya volkano. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, karibu mara moja na nusu. Ndiyo maana inashuka na kukaa katika mashimo na mabonde. Usiku na asubuhi mapema, kama hakuna upepo, inajaa zaidi.

Mbuzi na watoto wadogo wanapatwa mbele, kwani pua zao ziko karibu na udongo. Mtu mkubwa akiinama kulima, ao akilala chini kupumzika, naye anapatwa. Si uchawi wa jirani. Usimshitaki mtu bule.

Dalili zake

Mtu anapumua mbio, kichwa kinauma, anasikia kizunguzungu na usingizi. Gazi ikifika sehemu 10 katika 100 za hewa, anaweza kuzimia kwa dakika chache, kisha kufa. Ukisikia dalili hizi, usingoje: panda mara moja fasi ya juu yenye upepo.

Vyombo vya kumlinda

1. Kipimo cha gazi. Ni mashine ndogo ya kuvaa kifuani. Inalia wakati gazi inapozidi. Mwenye kazi anayetuma watu kuchimba anapashwa kuwapa kipimo hicho, na kuonyesha namna ya kukitumia. Baba akiajiriwa, aulize mbele ya kushuka.

2. Kamba. Anayeshuka afungwe kamba vizuri, na watu wakae juu wakiishika. Hakuna mtu kushuka shimoni peke yake.

3. Simu. Bateri ijae, na unite ziwe ndani. Lakini simu peke yake haitoshi, maana aliyezimia hawezi kuita. Basi mupatane saa: "Nitakupigia saa sita. Nisipopiga, mutume watu." Kama hauna simu, mwambie jirani fasi unayokwenda na saa ya kurudi.

Vitu visivyosaidia

Kitambaa mdomoni hakizuii gazi. Taa ao mshumaa ukizimika, ni hatari. Lakini usipozimika, usiseme kuko usalama. Gazi inaweza kuua mtu na moto ungali unawaka.

Mwenzako akianguka

Hapa ndipo watu wengi wanakufa wawili, hata watatu. Mama anaona mtoto amelala bondeni, anakimbia kumbeba, naye anaanguka juu yake. Ni vigumu kwa moyo wa mzazi, lakini usishuke! Piga kelele, ita watu, muvute kwa kamba kama amefungwa. Akiisha kutoka, mupeleke penye upepo. Kama hapumui, anayejua kazi hiyo amupulizie hewa mdomoni. Kisha mumukimbize hospitali, hata akiamka.

Kwa nyumba yako

Ukiona kibao cha kuonya, ao ndege na wanyama waliokufa shimoni, usipite. Onyesha watoto fasi hizo muchana, mukisimama mbali na juu.

Maulizo

1. Sababu gani mazuku inakaa fasi za chini?
2. Mtu anayekwenda shamba peke yake amwambie nani, na amwambie nini?
3. Ukiona mtoto ameanguka bondeni, utafanya nini mbele ya yote?

Mama anayejua majibu haya amufundishe mama mwingine leo, mbele ya kurudi nyumbani.