Tarakilishi na Riziki ya Mfasiri wa Kiswahili

Makala haya yanahusu kazi ambayo wengi wetu katika idara za Kiswahili tuliitazamia kuwa kimbilio pale nafasi za ualimu zinapokosekana, yaani tafsiri. Matumaini hayo yalikuwa na msingi. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na mnamo 2022 Umoja wa Afrika ukakiidhinisha kuwa lugha yake ya kazi.

Hata hivyo, kuongezeka kwa matini za kutafsiriwa si sawa na kuongezeka kwa ajira. Huduma ya tafsiri ya Google imekuwa ikishughulikia Kiswahili tangu 2009, na programu za akili mnemba zilizoenea baada ya 2022 huandika sentensi zenye ufasaha unaoweza kumhadaa hata mwalimu.

Mwaka jana nilikabidhiwa na ofisi moja kijitabu cha maelezo ya afya, si nikitafsiri bali nikipige msasa tu, maadamu mashine ilikwisha kukitafsiri. Ujira nao ulikuwa wa msasa. Katika ukurasa wa kwanza mgonjwa aliagizwa ameze dawa "saa 8 asubuhi". Kwa hesabu ya Waswahili wakati huo ni saa mbili. Saa nane ni ya mchana au ya usiku wa manane. Atakayesubiri saa nane ya mchana atachelewesha dawa kwa saa sita! Kwingineko, mwanamke aliyemtaja dada ya mumewe aliandikiwa "shemeji" badala ya "wifi", kwa kuwa Kiingereza hakitofautishi. Kuyabaini makosa hayo kulinilazimu kuisoma matini asilia sentensi baada ya sentensi, yaani kuitafsiri upya kimoyomoyo.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni matini ndogondogo: matangazo, barua, maelezo ya bidhaa. Hizo ndizo zilizokuwa chuo cha mfasiri chipukizi; alikosea, akasahihishwa na mkubwa wake, akakomaa. Aghalabu ndizo zinazomezwa kwanza na mashine, ilhali anayetafutwa ni mhakiki mzoefu. Mzoefu huyo atakomalia wapi?

Darasani tulitahiniwa kwa kalamu na kamusi. Hakuna aliyetufunza kukadiria bei ya kuhariri kazi ya mashine. Nilipokirudisha kijitabu niliambatisha hesabu ya saa nilizotumia. Nililipwa kiasi kilekile tulichoafikiana awali.