Contra Inapomshinda Mtu Mzima

*Je, kwa nini Contra, gemu iliyomalizwa mara nyingi utotoni, inamshinda mtu mzima aliyeiunganisha na televisheni bapa? Ni umri? (Msomaji, Katesh)*

Hofu kwamba vidole vimezeeka inaeleweka, lakini mara nyingi tatizo huanzia kwenye televisheni, kwa kuwa ile ya chogo ilionyesha picha papo hapo, ilhali televisheni bapa huichakata kwanza, na ucheleweshaji huo, hata ukiwa sehemu ndogo ya sekunde, unatosha kumponza mpiganaji anayeangushwa na risasi moja. Msomaji awashe hali ya gemu katika mipangilio ya televisheni, au aulizie ya chogo kwa fundi.

Ugumu wa gemu za namna hii uliwashinda hata watengenezaji: Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, alipoelemewa na gemu nyingine, Gradius, wakati wa kuijaribu, aliweka mfuatano wa siri wa vitufe, ambao baadaye katika Contra (juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha kitufe cha kuanzia) ulitoa maisha 30 badala ya 3. Kuutumia si aibu hata kidogo, kwani mizinga ya ukutani hukaa mahali palepale kila mara, na maisha ya ziada humpa mchezaji nafasi ya kuikariri.

Mwanga unaomweka ukimletea kizunguzungu au degedege, aache kucheza na amwone daktari.