AKILI HUKUA KWA KUKUMBUSHWA

Ndugu zetu Waislamu, mara nyingi husikiwa mzazi akisema: "Mwanangu mzito, masomo hayamwingii." Mmoja humtia fimbo, wa pili humnywesha kombe, wa tatu humtoa chuoni. Wote wamedhani kwamba ubongo ni chungu kilichokwisha kuchomwa, hakibadiliki tena. Dhana hiyo si kweli.

Huko London, dereva wa teksi hapewi ruhusa mpaka ahifadhi njia zipatazo 25,000. Katika mwaka 2011 wataalamu Katherine Woollett na Eleanor Maguire walieleza walivyowapima wanafunzi wa kazi hiyo kabla ya kuanza na baada ya miaka kadhaa. Kwa waliofaulu, sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachohusika na kumbukumbu, ilikuwa imeongezeka. Kwa walioshindwa haikuongezeka. Nao walikuwa watu wazima. Basi na mzee asiseme wakati umempita.

Lakini si kila kusoma hufaa. Tutoe mfano ulio karibu nasi. Mtu wa Mombasa akipanda Mwanda, katika milima ya Taita, mara kumi nyuma ya mwenyeji, siku atakayoachwa peke yake penye njia panda atababaika. Aliyejitafutia njia mara tatu, akakosea akarudi, huyo ataijua. Vivyo hivyo, anayerudia ukurasa macho yakiwa kitabuni anamfuata mwenyeji. Anayekifunga akajiuliza ameshika nini anatembea mwenyewe.

Basi tushike mambo matatu:

Kwanza, mtoto afunge msahafu asome kwa ghaibu, kisha afungue ajisahihishe.

Pili, arudie kwa siku mbalimbali. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha katika mwaka 1885 kuwa mtu husahau zaidi katika saa za mwanzo. Na kabla yake kwa karne nyingi, Mtume wetu (S.A.W.) alimfananisha mwenye kuhifadhi Qur'ani na mwenye ngamia waliofungwa: asipowaangalia, huenda zao.

Tatu, alale mapema, kwani usingizi huyathibitisha yaliyosomwa mchana. Simu isimkeshe.

Ama fimbo, humfunza mtoto kumwogopa mwalimu, haimfunzi aya. Na maji ya kombe hayashiki mahali pa kudurusu. Akili ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwetu, na amana huulizwa.

Wa billahi ttaufiq.